Apolonia Mwandu na Vyungu vya Maji vya Lamadi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi Januarius, mdogo wake marehemu, na kama bwana afya alivyotuelekeza, tukae mbalimbali, tusishikane mikono, tusilisogelee jeneza.

Marehemu Apolonia Mwandu alizaliwa Mwamapalala tarehe 4 Mei 1955, akasoma shule ya msingi hukohuko, akajifunza uuguzi Mwanza, na mwaka 1977 akaajiriwa katika zahanati jirani na Lamadi. Mwaka 1979 alifunga ndoa na ndugu Bujiku, wakajaliwa watoto wawili, Method na Gloria.

Miaka hii ya soko huria, maduka ya dawa yalipofunguliwa kila kona na watu wakawa wanameza vidonge nusunusu bila kupimwa, marehemu alikuwa akisema anaiogopa siku vidonge hivyo vitakapogoma. Siku hiyo ilikuja na mvua za mwishoni mwa 1997, kipindupindu kilipoingia Lamadi na vidonge tulivyovizoea visifue dafu. Ndipo alipoleta, kutoka mradi mmoja wa maji, vyungu vya kuchujia vilivyopakwa chembechembe za madini ya fedha, ndogo zisizoonekana kwa macho, zenye kuua vijidudu.

Mama mkwe wake, Nyanjige, aliyaogopa maji ya vyungu vile, akaendelea kunywa ya ziwani, akafariki tarehe 2 Desemba. Jioni ileile watu walijaa uani kwa dada na mapanga, wakidai madini yale ni uchawi. Nilikuwa ndani, nikamsikia Jilala, jirani yetu, akipaza sauti, "Mchawi, toka!" Dada alitoka na kikombe cha maji ya vyungu vile, akanywa, akamwita Gloria naye akanywa, kisha akawaambia, "Mkitaka kuniua njooni kesho, leo nina wagonjwa." Wakarudi nyuma mmoja mmoja.

Mwezi uliofuata Jilala aliletwa kambi ya wagonjwa juu ya mkokoteni, hajitambui, na dada akamuuguza mpaka akapona. Tarehe 19 Januari 1998 ugonjwa wa hao aliowauguza ukamshika dada mwenyewe, akatundikiwa dripu, akafariki kesho yake alfajiri, Gloria akimwita kutoka nje ya uzio, haruhusiwi kuingia.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake na majirani, na tunamshukuru Jilala, aliyechimba kaburi hili peke yake wengine wakiogopa kusogea. Tumekatazwa kupika msibani, tusameheni, naweni mikono mrudi salama.

Dada Apolonia, tunaogopa kubaki bila wewe. Pumzika.