Sauti Iliyoniita Nikiwa Darasani

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenishika mkono watu walipoogopa hata kunigusa!

Mimi ni Paulina, mzaliwa wa Rutamba. Nina kifafa tangu utoto. Kila nilipokaribia kuanguka, nilisikia sauti ya mwanamke ikiniita kwa nyuma, taratibu: "Paulinaa..." Nikigeuka, hakuna mtu. Halafu giza. Nyumbani walisema kuanguka kwangu ni shetani ananitaka, wakanitengea bakuli na kikombe changu. Ile sauti, ndugu zangu, sikumwambia mtu. Niliogopa wangenitupa porini.

Zamani zile za Mwingereza, misheni ilifungua darasa la ushonaji mjini Lindi, nikapokelewa. Mchana mmoja napiga pasi ya mkaa, nikaitwa. Nilipozinduka, mkono umeungua, darasa tupu! Wenzangu wamekimbilia uani, wanaogopa povu langu. Aliyebaki ni mwalimu wetu, Mama Tekla. Amenilaza ubavu, ananipepea.

"Mwanangu, huwa unajua kama inakuja?"

Nikalia, nikamweleza yote. Hakucheka wala hakunikemea.

"Basi ikikuita, acha kazi, lala chini. Mimi nipo."

Wakubwa wa shule walitaka nirudishwe kwetu. Akawajibu, "Akiondoka huyu, tunaondoka wawili." Akaniwekea cherehani ya mkono mkekani, mbali na moto. Akawafundisha wenzangu namna ya kunilaza bila kunikaba. Walisitasita, lakini mwishowe tukala sinia moja. Haleluya!

Siku moja adhuhuri tulibaki wawili, mimi na Mama Tekla, tunamalizia sare. Upepo umekatika, pazia halitikisiki. "Paulinaa..." Nikaacha kitambaa, nikalala. Nikangoja. Giza halikuja. Nilipofumbua macho, Mama Tekla amesimama, mkasi umemponyoka, anatazama ukuta ulio nyuma yangu.

"Paulina," akaninong'oneza, "nani huyo aliyekuita?"

Vinyweleo vilinisimama! Akapiga magoti, akanikumbatia, akauelekea ule ukuta akisali kwa sauti kubwa mpaka jasho likamlowesha.

Tangu siku ile siitwi tena. Kuanguka, naanguka mara mojamoja, siwadanganyi. Lakini woga umenitoka, nala kwa sindano yangu, na wasichana wanakuja kwangu kujifunza.

Asante Yesu! Ndugu zangu, mtumainini. Na wewe uliyemficha mwanao chumbani, mlete tumfundishe kazi. Mlete mchana kweupe, watu wakiona. Bwana hamwonei haya.