Aliyehesabu Wachoraji Jangwani: Wasifu wa Kaka Yetu, Mzee wa Vibao

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee wa Vibao, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machimbo ya mawe. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mchonga mawe na mama mshona nguo. Mimi ni kitinda mimba wao. Akiwa na akili zake timamu aliniagiza kwamba siku yake ikifika nisimpambe. Alisema, "Mdogo wangu, usinipake rangi." Nimeandika kwa kufuata agizo hilo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Mwalimu wa jiografia alimkuta akimchora nyuma ya daftari, tumbo na yote, akampa adhabu ya kuchora ramani ya dunia kwenye ukuta wa darasa, kila siku baada ya masomo. Kazi ilichukua muhula mzima. Kaka alisema hiyo ndiyo adhabu pekee aliyotamani iongezwe. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi na kupata cheti cha uandishi wa vibao mwezi Novemba 1969.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya idara ya barabara, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2004. Mwaka 1988 aligundua kwamba kibao kimoja cha barabara ya jangwani kilisema maji yapo kilomita kumi na mbili mbele, wakati yalikuwa ishirini. Tarakimu alipewa na ofisi, lakini mkono ulioandika ulikuwa wake. Mkuu wake alimwambia asijisumbue, kwa kuwa hakuna aliyelalamika. Kaka alijibu, "Aliyekosa maji njiani hawezi kurudi kulalamika." Alikwenda kukirekebisha siku yake ya mapumziko.

Mke alimpata katika karakana hiyohiyo, karani wa stoo. Kaka alikwenda kuchukua kopo la pili la rangi bila kusaini la kwanza. Shemeji alimwambia rangi haitoki bila saini, hata aje na uso wa huruma namna gani. Aliendelea kwenda na uso huo kwa miaka miwili. Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2006, yeye na majirani wawili walianza kwenda kila Jumamosi asubuhi kuchora jangwa, pale lami inapoishia. Kikundi kilikua hadi watu kumi. Kila mmoja alitaka pembe yake ya vilima vya mchanga, hivyo walitawanyika, na mtu anayechora husahau hata miguu yake imesimama wapi. Kaka akaweka sharti: kila mchoraji afunge kitambaa chekundu juu ya fremu yake ya kuchorea, ile ya miguu mitatu. Kila nusu saa, au upepo ukibadilika, yeye alipanda juu ya kilima na kuhesabu. Akiona vitambaa tisa vya wenzake, alishuka na kuchora. Ndiyo maana picha zake nyingi zina anga iliyokamilika na ardhi ambayo haikumaliziwa. Mwenzake mmoja alipolalamika kwamba mchanga umeganda kwenye rangi mbichi, kaka aliikagua picha, akamshauri asiutoe, kwa sababu ndiyo sehemu pekee iliyofanana na jangwa.

Tarehe 11 Novemba 2019, daktari alimwambia kwamba presha ya macho ilikuwa imekula pembe za kuona kwake. Alimwambia mkewe peke yake na kumwomba anyamaze. Shemeji alinyamaza, na kila Jumamosi hakuweza kumeza kitu mpaka asikie gari likirudi. Kaka aliendelea kuhesabu. Katika hili alikosea, na haifai kuliita jina jingine.

Jumamosi ya tarehe 6 Februari 2021, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, upepo ulianza kuinua mchanga. Alipanda, akahesabu vitambaa tisa, akatulia. Muuguzi mstaafu, mmoja wa wale tisa, alikuwa ameiacha fremu yake imesimama na kitambaa chake, akaenda na kijidaftari kufuata kivuli cha jabali. Mtu mwenye macho mazima angeona kwamba chini ya kitambaa kile hapakuwa na mtu. Walimtafuta kwa saa tatu na dakika arobaini. Kaka alitembea akimwita mpaka sauti ikamkauka, huku mchoraji mwenzake, fundi saa, amemshika mkanda kwa sababu alikuwa anajikwaa. Walimkuta muuguzi amejikunyata nyuma ya jabali, midomo imepasuka, yu hai.

Siku hiyohiyo kaka aliwaeleza wote kuhusu macho yake. Mmoja wao alijaribu kumfariji kwamba kosa ni la upepo. Alikataa. Alisema, "Upepo haukuficha karatasi ya daktari. Niliificha mimi."

Wapo ndugu walioomba habari hii isisomwe leo. Mjane alisema isomwe, naye ndiye mwenye msiba.

Baada ya majuma mawili muuguzi alifika nyumbani kwa kaka. Kaka hakuthubutu hata kumkaribisha kiti. Muuguzi alikaa mwenyewe, akamwambia, "Jumamosi utakuja. Ila kuhesabu nitahesabu mimi, tena kwa kugusa bega la mtu. Na wa kwanza kuguswa ni wewe, Mzee wa Vibao." Kaka alikwenda nao hivyo kwa miaka mitatu, akichora mawe ya karibu, kisha mwanga tu.

Mwezi Juni 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alilazwa tarehe 2 Septemba. Jumamosi ya tarehe 14 alinishika mkono, akauliza kama wachoraji wamerudi. Nilimwambia ukweli: hawakwenda, wapo nje kwenye korido. Akauliza wapo wangapi. Sikujua, nikatoka kuwahesabu kwa kugusa mabega. Niliwapata wanane. Muuguzi alikuwa ameshuka kununua maji. Nilisimama penye ngazi kumsubiri, kwa kuwa sikuweza kwenda kusema tisa wakati nimewaona wanane. Ndani, kama shemeji alivyonisimulia baadaye, aliona nachelewa, akataka kumwambia wote wapo ili atulie. Kaka alisema, "Mwache ahesabu vizuri."

Muuguzi alipopanda nilimgusa bega, nikarudi ndani. Kaka alikuwa ametutoka, saa tano na dakika kumi asubuhi. Bado sina hakika kama nilitenda vyema. Maneno yake ya mwisho ndiyo hayo, na nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, wadogo wawili, na wachoraji wenzake tisa, ambao wote wapo hapa.

Kaka, pumzika. Wasiwasi tumeupokea sisi.