Machibya Shimba na Kaburi Lisilokuwa Kwenye Mchoro

Shikamooni wazee, nanyi nyote mliofika hapa Igoma kutusindikiza, poleni na msiba. Mimi ni Chenge Shimba, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, ingawa nilitamani wampe mwingine.

Marehemu Machibya Shimba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 wilayani Magu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, akalima pamba na baba yetu hadi mwaka 1977 alipoajiriwa kwenye kiwanda cha nguo Nyakato, alikofanya kazi mpaka akastaafu mwaka 2011. Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Dorotea, wakajaliwa watoto watatu, Hellen, Nestory na Queen, na mwaka 1988 wakahamia hapa, wakati huo pakiwa mashamba matupu. Shemeji alifariki tarehe 3 Machi 2009, kaka akamzika hapa hapa nyumbani, upande wa jikoni, kama ilivyo desturi yetu, akasema nafasi ya pembeni ni yake.

Mwaka 2018, mji ulipotufikia kwa kasi, wananchi walimchagua mwenyekiti wa kamati ya kupanga na kupima mtaa wetu, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia watu waonyeshe njia, visima na makaburi, ili mchoro wa viwanja na barabara uyaheshimu. Lakini ilivuma kwamba kiwanja chenye kaburi hakipewi hati, na mimi, jamani, ndiye niliyemshauri anyamaze. Basi akang'oa msalaba wa kaburi la mkewe, akatawanya mawe, tukapanda viazi juu yake, viazi ambavyo hakuna mtu wa nyumba hii aliyethubutu kuvila. Afisa mipango miji alipofika alimuuliza, "Mzee, hapa kuna kaburi?" naye akajibu, "Hakuna." Mchoro ulibandikwa ofisi ya mtaa siku thelathini ili wenye pingamizi waseme, naye, mwenyekiti mzima, akaupita kila asubuhi bila kusema neno. Majirani walioonyesha makaburi yao, barabara ilikunjwa ikayakwepa, na hati wakapata.

Mwezi Juni 2024 greda lilifungua barabara ya mita kumi na tano, ikapita pale pale, juu ya kaburi na juu ya nafasi aliyojiwekea pembeni. Alikwenda ofisini mara nne, akaeleza yote, akajibiwa kwa upole kwamba kwenye mchoro hakuna kaburi, na chini ya mchoro kuna sahihi yake. Tangu hapo shinikizo la damu halikushuka, mwezi Februari 2025 akapata kiharusi, akapoteza kauli, akawa ananyoosha tu mkono kuelekea barabarani, mpaka alipofariki tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopokezana kumgeuza kitandani, na wastaafu wenzake wa kiwandani mliokuja hata kwa mikongojo. Tutamzika makaburi ya jiji, kwenye eneo ambalo mchoro ule ule ulilitenga, kwa sababu nyumbani hapa hakuna tena pa kumweka.

Kaka, uliomba kulala ubavuni mwa mkeo, na sasa malori yanapita juu yake, na aliyekuponza ndiye anayekusomea. Pumzika kwa amani, kama huko uendako inapatikana, maana mimi huku sina ya kukupa.