Mchoro Uliolazwa Ubavu: Maisha ya Mwalimu Tsongo Gracien

Padri, jamaa, walimu, na ninyi wanafunzi wa kidato cha sita mliosimama karibu na migomba, mimi ni Kahambu, mama wa marehemu, na ninasoma mwenyewe kwa sababu kuna jambo ambalo hapa nyumbani hakuna mwingine aliyelisikia kinywani mwake.

Tsongo Gracien alizaliwa hapa Karambi tarehe 12 Aprili 1993, mtoto wetu wa pili mimi na Kathembo, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 2006, sekondari Bwera hadi 2012, kisha Mbarara, ambako alihitimu ualimu wa kemia mwaka 2016, na kuanzia Februari 2017 alifundisha Bwera hadi nguvu zilipomwisha. Alifunga ndoa na Shallon mjini Kasese tarehe 14 Desemba 2019, wakapata mtoto mmoja, Bulandina, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 2021, ambaye tangu jana anauliza baba ataamka saa ngapi.

Ugonjwa wa figo ulijulikana Machi 2024, akaendelea kufundisha miguu ikiwa imevimba, nikamkataza, hakusikia. Tarehe 27 Oktoba mwaka huu alilazwa Kasese, nikampelekea muhogo wa kuchemsha, akakata kipande, akakichomekea njiti nne, akakigeuzageuza, akaacha kula.

“Mama, iko mubaya. Nilifundisha batoto kinyume.”

“Kula kwanza, ile haikimbie.”

“Mutihani nayo haingoje.”

Hakula, alinieleza mpaka nikaweza kurudia. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba.

Kwa desturi yetu, kabla ya kuzika, familia huuliza kama kuna jambo lililobaki kati ya marehemu na mtu yeyote. Lipo, na ni lenu wanafunzi. Katika somo lake la mwisho, kwa kuwa ubao wenu umebanduka chini na mchoro mrefu haukuenea, aliulaza ubavu ule mchoro wa msalaba, unaoonyesha molekuli kwa mistari miwili iliyokatana, ndipo akaubadili kuwa mchoro wa kabari, unaoonyesha mkono upi uko mbele na upi nyuma, nanyi mkanakili. Katika msalaba, mikono ya kushoto na kulia inamjia anayetazama, ya juu na ya chini inakwenda nyuma, kwa hiyo ukiugeuza robo mzunguko, iliyokuwa mbele inahesabiwa nyuma, na unapata molekuli nyingine, kama mkono wa kushoto badala ya wa kulia. Nusu mzunguko inaruhusiwa. Robo, hapana.

Mtihani ni Jumatatu. Sijui kama nimeeleza vizuri, kemia niliiacha kidato cha nne, kwa hiyo mwalimu Isa, aliyefundisha naye, amekishika kile kipande cha muhogo, kimekauka lakini njiti zipo, ndizo ile mikono minne, atawaonyesha, na kila aliyenakili afute leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi mvua ikinyesha, na walimu wenzake waliomshikia vipindi. Jeneza halitashushwa mpaka mwanafunzi wa mwisho aseme ameelewa. Hapo, Gracien, utapumzika kwa amani, nami nitakaa chini.