Kompyuta Inayokunywa Maji

Benchi lenyewe ni ubao wa lori kuukuu uliolazwa juu ya mawe, hapo Chaka, kando ya barabara ya Nanyuki, chini kabisa ya dirisha la Wachuka. Upepo wa Kieni ukiamka na wewe unakupenya hadi mifupani, kwa hiyo kahawa ya tangawizi ya Abdimajid haina mshindani, hata kwa watu waliozaliwa katikati ya mibuni wakalelewa kwa chai. Abdimajid aliacha biashara ya mbuzi Nanyuki, akaja na birika lake. Kinyua, fundi wa magari, wanamwita Radieta. Mzee Mutahi wanamwita Kamati, maana hakuna kamati aliyowahi kuikosa, kuanzia ya maji hadi ya mazishi ya watu asiowajua. Kazi ya benchi hilo ni moja tu: kumwambia mtu kwamba jambo lake haliwezekani. Na siku hizo mtu alikuwa Wachuka.

Kosa lake? Aliunda kompyuta isiyo na kelele. Wachuka husoma kwa sauti masomo ya mifugo ambayo wafugaji husikiliza kwenye simu, na mwenye kazi ni Leyla wa Nanyuki. Lakini kompyuta yake ilikuwa na feni inayonguruma kama kinu cha posho, na rekodi zikawa zinarudishwa. Leyla akasema wazi: atapita Chaka akielekea Nyeri, na akisikia tena huo mngurumo, kazi anampa mtu wa mjini.

Basi Wachuka akang'oa feni. Akachonga kabati la mbao za saipresi kutoka Kiganjo, akaazima akili ya mamake, ambaye maziwa ya jioni huyatia kwenye mtungi na kuusimamisha ndani ya maji baridi mpaka asubuhi. Hapa mtungi ndio ulioshika maji. Pampu ndogo ya tangi la samaki iliyasukuma kwenye mpira hadi kwenye ile chipu inayochemka, yakatoka na joto lake, yakapozwa na radieta ndogo ya gari bovu, yakarudi mtungini.

Asubuhi ya siku ambayo Leyla alitarajiwa, Kamati ndiye aliyefungua kikao.

— Wewe Wachuka! Stima na maji? Unataka kutuua?

— Kwani birika ya stima yenu nyumbani mnatia nini? Mchanga? Wachuka akajibu kutoka dirishani.

— Birika ni ya chai. Hiyo yako si chai.

Benchi likaangua kicheko. Wachuka alikuwa na hasira na mzee huyu, tena hasira ya haki. Mara ya kwanza alimsikiliza. "Maji ya mlima ni safi kuliko ya chupa," Kamati alimwambia, akamletea ndoo nzima kutoka kwenye mtaro unaoteremka mlimani, na majivuno yote ya watu wanaoamka wakiutazama mlima. Tope laini likaziba mpira, mashine ikapata joto, ikazima. Safari hii Wachuka alinunua maji ya betri, yasiyo na tope, na hakumuuliza mtu.

Akapeleka mkono nyuma ya kabati, akabonyeza swichi. Kila kiungo cha mpira alikuwa amekizungushia karatasi ya chooni, ili tone likitoka tu alione. Akawasha na maikrofoni. Kisha akaegemea dirisha na kikombe chake, kana kwamba hana habari.

— Mimi radieta ndio kazi yangu, akasema Kinyua. Hiyo kitu akiwasha tu, inachemka. Kifuniko inaruka, inatoboa mabati.

— Kifuniko ni kidogo, Kamati akadakia. Shida ni virusi. Kompyuta iko na virusi ama haina?

— Iko nazo, akasema Kinyua. Hiyo kila mtu anajua.

— Haya. Virusi ikiingia kwa maji inakuwa nini? Taifodi! Na hayo maji akiyamwaga, yanaenda wapi? Mtaroni. Chaka yote iko hospitali!

— Wallahi hapo umezidisha, akasema Abdimajid akimimina kahawa. Lakini mimi niseme ukweli. Mnyama wa kubeba maji bila kelele Mungu ameshaumba. Ni ngamia.

— Ngamia hana kelele? Kinyua akauliza. Umeshaona akipakiwa mzigo, wewe?

— Huyo alipakiwa na Mkikuyu.

Kinyua akapaliwa na kahawa. Kamati hakujali, mzee alikuwa ameshapanda gia.

— Na barua pepe je? Ati zitapita kwa hayo maji zifike kavu? Mtu anatumiwa barua ya kazi, anaianika kwa kamba kwanza!

Wachuka hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. Joto lilipanda, likapanda tena, akaanza kuomba kimoyomoyo. Likasimama. Akapapasa karatasi kwenye viungo, kimoja baada ya kingine. Zote kavu.

Kamati akashusha sauti, ile sauti yake ya kutoa rambirambi.

— Sikiza, msichana yangu. Hiyo kazi waachie watu wa taoni. Wako na studio, wako na mashine ya duka. Wewe uko na kabati ya kuku. Si aibu kuacha.

Hayo yalimchoma kuliko mzaha wote.

— Mzee Mutahi, siachi. Mashine ya duka sina, na kabati ya kuku ndio hii, nimeichonga na mikono yangu. Ikilipuka, ilipuke nikiwa hapa kando yake. Lakini kazi yangu sipeani ati kwa sababu benchi imekaa ikaamua!

— Basi iwashe tuone! Kinyua akapaza sauti. Wakati huo alikuwa ameshasogea hadi mwisho wa ubao, na kikombe chake mkononi.

— Iwashe! Iwashe! benchi zima likaitikia.

Wachuka akapiga funda la kahawa.

Gari likasimama. Leyla akashuka na ushungi wake ukipigwa na upepo, akasalimia benchi kwa haraka, akaingia kwa Wachuka. Hakuketi. Wachuka akampa vipokea sauti na kumchezea rekodi ya asubuhi; Leyla akavaa, akafumba macho. Akasikiliza muda mrefu. Wachuka alimtazama usoni na hakuona kitu. Kisha mdomo wa Leyla ukaanza kucheza, na mwishowe akacheka hadi akashika meza.

Akatoa kichwa dirishani.

— Wazee, samahani. Nani hapa amesema barua zitaanikwa kwa kamba?

Benchi likatazamana.

— Ni mimi, akasema Kamati. Lakini wewe ulikuwa bado njiani. Na hiyo mashine haijawashwa, mama. Tunangoja awashe.

Leyla akageuza skrini ikawaelekea. Kamati akakohoa, na mstari wa kijani unaoonyesha sauti ukaruka. Kinyua akasema "Ngai!", ukaruka tena.

— Kama haijawashwa, Leyla akauliza, basi hii inarekodi na nini?

Kinyua akamtazama Kamati. Kamati akamtazama Abdimajid. Abdimajid akachungulia ndani ya birika.

— Nisomee ukurasa mmoja, Leyla akamwambia Wachuka akivuta kiti. Ule wa chanjo.

Wachuka akawafungia wazee dirisha, akaanza kusoma.