Mwalimu Luciana na Dungu la Mzee Ezekieli

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Habari zenu mlioko Kiomboi, mlioko Ikungi, na nyie mliokwenda na redio shambani. Leo tunamkumbuka Mwalimu Luciana Amosi wa Misigiri, wilayani Iramba. Tulimzika Jumamosi. Alifundisha Kiingereza shule ya msingi mpaka alipostaafu, na jamani, Kiingereza chake kilikuwa na vituko!

Mwalimu Luciana alikuwa akiomba maboksi matupu ya sabuni madukani. Anayakata vipande, kisha kila kipande anakigawa mara mbili kwa mkasi, kwa mkato uliopindapinda. Nusu moja anaandika neno la leo, nusu nyingine neno la jana. "Go" huku, "went" kule. "Eat" huku, "ate" kule. Anavichanganya kwenye ungo, anawamwagia watoto mezani. Haya, kila kipande kitafutieni mwenzake! Vikikaa sawasawa, umepata. Visipokaa, usilazimishe.

"Haya maneno ni ndugu wa tumbo moja," alikuwa akiwaambia, "lakini hawafanani hata pua. Mkiyaogopa yatawasumbua. Yachezeeni, mtayazoea."

Mumewe, Mzee Laurenti, anasema nyumbani kwao hapakukalika kwa vipande hivyo. "Unafagia, unafagia Kiingereza. Siku moja nimekuta kimoja kwenye mboga."

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja uwele uliiva vizuri, na kwelea kwelea wakaja kwa wingi. Mnawajua hao ndege. Wakitua, asubuhi una shamba, jioni una mabua. Watoto wengi wakapelekwa kuamia, kufukuza ndege mashambani. Mmoja wao alikuwa Dina, wa darasa la nne, binti wa Mzee Ezekieli. Kutwa nzima yuko juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, anagonga debe, anarusha udongo kwa kombeo. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa mbele yake. Akifeli anarudia darasa, na baba yake alishasema wazi: mtoto wa kurudia darasa yeye hamsomeshi, atabaki nyumbani moja kwa moja.

Mwalimu Luciana hakuliacha hilo. Akaona kama Dina haji kwenye vipande, vipande vitamfuata Dina. Akampelekea nusu za leo. Nusu za jana akampa Hosea, aliyekuwa akiamia shamba la jirani. Ehee! Mashamba yakachangamka. Dina anapaza sauti, "Run!" Hosea naye kule, "Ran!" Ndege wakisikia kelele, wanapaa. Mwalimu akafurahi sana.

Alisahau kitu kimoja. Watoto ni watoto. Siku ya tatu Dina na Hosea walishuka chini wakaunganishe vipande vyao mpakani, wakakaa, wakanogewa. Ndege wakatua.

Mzee Ezekieli alikuja shuleni na masuke matupu mkononi. Akayatupa juu ya meza ya mwalimu, mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, haya ndiyo uliyofundisha. Binti yangu hatakanyaga hapa tena."

Mwalimu Luciana alitamani ardhi ipasuke. Akayaokota yale masuke moja moja; mzee alikuwa na haki yake. Chakula cha watu kimeliwa. Lakini Dina je? Mwalimu alirudi nyumbani, hakula. Alfajiri yake akaenda kwa Mzee Ezekieli, akapiga goti, "Shikamoo baba." Akasema, "Kosa ni langu. Dungu nalikalia mimi. Dina aje shule."

Mzee alidhani ni utani. Haukuwa utani! Alfajiri mwalimu yuko juu ya dungu na debe lake, mpaka kengele ya shule. Akiingia darasani, Mzee Laurenti anapokea. Jioni mwalimu anarudi. "Nilioa mwalimu," anasema Mzee Laurenti, "nikajikuta naamia ndege wa watu."

Na uwele wao wenyewe? Hapo ndipo pananiuma, wasikilizaji wapendwa. Uwele wao ulibaki bila mtu. Binti yao, Janeth, alikuwa mdogo, lakini anakumbuka: "Mwaka ule tulinunua unga. Mama hakulalamika hata mara moja. Baba ndiye aliyelalamika."

Siku moja Mzee Ezekieli alipita kando ya shamba la mwalimu. Akaona mabua matupu. Jioni akawakusanya wenzake, na kesho yake wanaume wazima, wenye ndevu zao, wakaanza kupanda madungu kwa zamu. Watoto wote wakarudi darasani. Dina alifaulu mtihani ule. Leo ana duka la mbegu hapo Misigiri, na ndiye aliyemuuguza mwalimu kwa zamu na Janeth mpaka mwisho.

Mzee Ezekieli bado yupo. Shikamoo mzee, kama unatusikia. Msibani hakutaka kuhutubia. Alisema tu, "Huyu mama alinishinda bila kunijibu," akakaa chini, akalia.

Mzee Laurenti, Janeth, na ukoo mzima, poleni sana. Sisi hapa redioni tunalia pamoja nanyi. Mwalimu Luciana alipendwa, na alistahili. Mungu ampumzishe.

Na wewe, baba, wewe mama, unayetusikiliza sasa hivi. Uwele umeiva tena. Najua kwa baadhi yenu redio hii imewashwa juu ya dungu, na anayeisikiliza ni mtoto. Ni siku ya shule leo. Mwalimu Luciana hayupo wa kuja kukukalia dungu lako. Mwambie mtoto ashuke, upande wewe.