Siku Marehemu Muniru Alipowaita Watu wa Bwera

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Magidu wa Bwera, aliyetutoka wiki hii. Kaeni vizuri. Punguzeni kelele za sufuria. Tutasema ukweli, kwa heshima zote anazostahili: marehemu alikuwa mwoga.

Aliogopa viboko wa ziwani kule Mweya, ambao hawakuwahi hata kumwona. Kwenye shule ya bweni aliogopa kengele. Lakini mwoga huyu, miaka ya hamsini, akiwa bado mwanafunzi, alipiga sinema. Naam, sinema.

Mwalimu wake, Semu, alikuwa na kamera, akamwazima wakati wa likizo. Magidu akaenda nayo Kahendero, ziwani, ambako baba yake, Muniru, alikuwa akipakia samaki wakavu kwenye lori. Akampiga baba akicheka. Baba akifunga kamba. Baba akiwaita wapakizi. Sinema haikuwa na sauti, na ilikuwa fupi kuliko hotuba ya bwana harusi. Filamu ikapelekwa Ulaya kusafishwa.

Ikiwa bado huko, Muniru alishikwa na homa, akafariki. Filamu ikarudi, mwenyewe yuko kaburini.

"Tuionyeshe lini?" Semu akauliza. "Siku ya wazazi, shuleni?"

"Hapana, mwalimu. Arobaini ya baba. Nyumbani."

Siku ya arobaini watu husoma hitma, wanakula, na huzuni inapewa ruhusa ya kuondoka. Lakini ya Hanifah, mama yake Magidu, haikuonyesha dalili ya kuondoka. Tangu mazishi alikuwa akila kidogo na kusema kidogo zaidi. Magidu aliogopa kumpoteza na yeye. Alidhani akimwona mumewe akicheka, siku ile ya arobaini hasa, atakuwa tena kama zamani.

Baba yake mdogo, Muhamood, alikasirika. "Wewe mutoto! Mutu iko kwa kaburi, unamutundika kwa shuka?"

"Baba mudogo, ni picha tu."

"Picha inatembea? Basi haiko picha!"

Alikuja hata hivyo. Alikaa karibu na mlango.

Hitma ikasomwa, pilau ikaliwa. Mchana kweupe watu wakaingia kwenye ghala la kahawa, milango ikafungwa, giza likawa giza. Semu alikuwa ameleta mashine ya sinema na jenereta kutoka Kasese. Ukutani palikuwa na shuka jeupe.

"Hii shuka inafanana sanda," akasema shangazi Jamidah. Hakuna aliyecheka.

Muniru akatokea. Mzima. Akacheka. Akafunga kamba. Kisha akageuka, akawatazama wote waliokuwa ghalani, akainua mkono. Njoo. Njoo. Njoo.

Kule Kahendero alikuwa akiwaita wapakizi waliosimama nyuma ya kamera. Magidu alijua. Ndiye aliyepiga picha! Lakini ghalani hapakuwa na mpakizi hata mmoja, na kila mtu alijua maana ya maiti kukuita kwa mkono: unamfuata kaburini. Tena siku ya arobaini yake! Na siku hii aliichagua Magidu mwenyewe.

Jamidah akapiga ukelele. Mabenchi yakaanguka. Muhamood alikuwa wa kwanza kutoka. Magidu akataka kuzima mashine, akaogopa kuigusa.

Hapo akamwona mama yake anainuka. Hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye shuka. Mkono wa Muniru ukawa unapita mgongoni kwake. Njoo. Njoo.

Magidu akabaki nyuma ya mashine, anamtazama mama.

Hanifah akasimama karibu kabisa. "Hapana, Muniru," akasema polepole. "Mimi siji. Niko na batoto. Enda salama."

Filamu ikaisha. Shuka likabaki jeupe.

Nje ya mlango Muhamood akapaza sauti: "Mwambie na mimi siji! Niko na kazi mingi!"

Hanifah akacheka. Akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akanyamaza. Kisha akauliza, "Pilau imebaki?"

Binti wa marehemu Magidu, Aidah, anatuambia: "Baba hakuita tena mutu kwa mkono. Hata sisi watoto. Alikuwa anainuka, anakuja mwenyewe."

Aidah, na jamaa wote wa Bwera na Kasese, poleni sana. Mungu amrehemu mzee wetu. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini: ni nani kwenu amebaki na msiba wakati wageni wameshatawanyika? Nendeni kwake leo. Msimpungie mkono kutoka mlangoni. Ingieni.